Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Takwimu za Watazamaji na Ushindani wa Vituo

Ndugu wanachama,

Malalamiko mengi yaliyofika kwenye kamati ya vipimo mwaka huu yalifanana: kituo kimoja kinajitangaza namba moja, kingine kinapinga, na vyote viwili vina takwimu sahihi mkononi. Vinachohesabu ndicho kinachotofautiana.

Chukua kaya 1,000 zinazopimwa. Saa 2 usiku runinga 400 zimewashwa, na 100 kati ya hizo ziko kwenye kituo chako. Kiwango chako cha utazamaji (sehemu ya kaya zote zinazopimwa) ni 10%, na mgao wako (sehemu ya runinga zilizowashwa) ni 25%. Saa 9 alasiri zimewashwa 100, na 40 ziko kwako: kiwango kimeshuka hadi 4%, mgao umepanda hadi 40%. Anayetangaza hiyo 40% hajadanganya, lakini mnunuzi wa matangazo analipia kaya 40, halipii mgao.

Kubwa zaidi ni kosa la sampuli, yaani tofauti inayotokana na kupima wachache badala ya watu wote. Kwa sampuli ya watu 1,000, kipindi kilichopata 5% kiko, kwa uhakika wa 95%, mahali fulani kati ya 3.6% na 6.4%. Kwa hiyo mwenye 6% hana ushahidi wa kumshinda mwenye 5%. Kwenye makundi madogo hali ni mbaya zaidi. Vijana wakiwa 200 ndani ya sampuli, 5% yao ni watu 10. Wanne wakilala mapema, takwimu inaanguka hadi 3%, na kuna wahariri wanaofutiwa vipindi kwa sababu ya usiku kama huo. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, sampuli iongezwe mara 4. Wastani wa wiki 4 husaidia, ingawa si kwa kiasi hicho, kwa kuwa kaya ni zilezile.

Mita, yaani vifaa vinavyofungwa kwenye runinga za kaya kurekodi kinachotazamwa, nazo zina udhaifu wake. Mtu anaondoka sebuleni bila kubonyeza kitufe chake, mgeni hasajiliwi, runinga ya chumbani haikufungwa mita. Umeme ukikatika, kaya isihesabiwe kuwa imezima runinga kwa hiari. Panapotumika alama ya sauti iliyofichwa kwenye matangazo ya kituo ili mita ikitambue, kifaa kinachoipachika kikizimika kituo kinasomeka sifuri huku picha ikiwa hewani. Mafundi wakague alama kwenye sauti inayotoka baada ya kifaa hicho, si kabla, na kifaa cha akiba kiwe tayari muda wote.

Siri ya kaya zinazopimwa tuilinde kwa ukali. Kwenye kaya 1,000, kuzihonga 5 tu ni nusu asilimia nzima. Mwaka 2020 nchini India, takwimu za vituo vya habari zilisitishwa baada ya polisi wa Mumbai kudai kwamba kaya zenye mita zilihongwa ziache runinga kwenye vituo fulani. Zilirejea Machi 2022.

Kuhusu ratiba: kuanza dakika chache kabla ya mpinzani, au kurefusha kipindi ili mtazamaji akose mwanzo wa kile cha jirani, ni ushindani halali. Kuficha dakika dhaifu si halali. Mazungumzo ya kabla ya mechi yakipewa jina la kipindi kingine, wastani wa mechi unapanda bila mtazamaji hata mmoja kuongezeka. Kamati inapendekeza mkutano huu uzuie mtindo huo.

Inapendekeza pia kwamba kila takwimu inayotangazwa na mwanachama itaje ukubwa wa sampuli, kipindi cha upimaji, eneo, kundi la watazamaji, kama ni kiwango au mgao, na kama waliotazama marudio wamehesabiwa. Tangazo lisilo na hayo liondolewe hewani hadi lirekebishwe.

Mwisho, kumbukumbu za vipindi vilivyorushwa ziwasilishwe zikiwa na saa, dakika na sekunde halisi za kurushwa. Ratiba iliyochapishwa haitoshi: habari zikichelewa dakika 6, dakika hizo za tamthilia iliyotangulia zinaandikwa kwenye hesabu ya habari.