Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wanahewa wenzangu wastaafu, na wajane mlio nasi,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tuliwazika wenzetu wawili, tukawatembelea wagonjwa, tukala pamoja Desemba. Sitawachosha nazo.

Nataka tuzungumzie kumbukumbu ya Jenerali Francis Ogolla, aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, maana manung'uniko yamenifikia, mengine kwa simu usiku wa manane.

Ni kweli mkutano uliopita ulikubali tuchange mnara wa marumaru wenye picha yake. Ni kweli pia kwamba kamati, chini ya uongozi wangu, iliubadilisha mpango huo. Lakini niliwaita niwaulize. Januari, Februari, Machi: mara tatu. Siku mliyojitokeza wengi mlikuwa 11 kati ya wanachama 74. Akidi haikutimia hata mara moja, na Aprili 18 ilikuwa mlangoni.

Marehemu aliacha neno kwamba azikwe bila jeneza, ndani ya siku tatu. Ndivyo alivyozikwa kwao Ng'iya, Siaya, Aprili 21, 2024. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, akawa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, akafa akiwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, zimebaki siku sita atimize miaka 40 jeshini. Mtu wa cheo hicho aliyekataa jeneza, mimi nimwekee marumaru? Sikuweza.

Tena hakuanguka peke yake kule Sindar, Elgeyo Marakwet. Waliokufa naye ni tisa: brigedia, kanali, luteni kanali, meja, makapteni wawili, sajenti mwandamizi na masajenti wawili. Picha moja juu ya mnara ingewaambia nini watoto wa masajenti hao? Na safari yenyewe ilihusu shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi. Kwa hiyo tulipanda miti 10 katika shule ya msingi jirani, tukaweka bamba moja lenye majina yote 10, na fedha zilizobaki tukanunua vitabu. Mashimo nilisimamia mwenyewe. Gari la miche nililipa kutoka mfukoni mwangu, na sijadai hata shilingi.

Siku ya kumbukumbu tulikuwa 19. Nimeambiwa ilikuwa Ijumaa Kuu. Najua, mimi pia ni muumini, na nilitoka kanisani nikaja. Tarehe ile haikuchaguliwa na kamati. Mjane mmoja alifika kwa matatu mbili, na viti vya waliokuwa wafanyakazi wenza wa mumewe vilikuwa vitupu. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Hesabu ni hizi: michango ya kumbukumbu sh. 137,500, miti, uzio na bamba sh. 46,300, vitabu sh. 80,000, salio sh. 11,200. Ada ya mwaka ni sh. 2,400. Waliolipa ni 29, jumla sh. 69,600. Sh. 108,000 bado ziko kwenu, na baadhi ya wadaiwa ndio waliolalamika zaidi kuhusu mnara.

Mwaka ujao tunatumaini kuwasaidia watoto wa wenzetu karo, na pengine kuzuru Ng'iya, hali ikiruhusu. Miche miwili imekauka; nitaipanda upya mvua zikianza.

Mweka hazina atakaa meza ya nyuma hadi saa kumi kupokea ada.

Mwenyekiti