Risala ya Kikundi cha Kuacha Sigara kwa Mgeni Rasmi, San Francisco

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka idara ya afya, Mwenyekiti wetu, ndugu waalikwa, habari za jioni.

Karibu sana. Sisi ni watu wa jamii ya LGBT, yaani mashoga, wasagaji, wanaopenda jinsia zote na waliobadili jinsia, tunaozungumza Kiswahili, na wengi wetu tulifika Marekani kama wakimbizi. Kikundi kilianza kwa kusaidiana kutafuta nyumba na kazi. Sigara tuliigeukia baadaye, vikohozi vilipozidi kwenye vikao.

Mheshimiwa, takwimu za serikali za 2016 zilionyesha kuwa asilimia 20.5 ya watu wazima mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote walivuta sigara, dhidi ya 15.3 kwa wengine. Pengo hilo lina wenyewe. Miaka ya 1990, kampuni ya R.J. Reynolds ilipanga kuuza sigara kwa mashoga wa mtaa wa Castro na watu wasio na makazi wa mtaa wa Tenderloin, humu humu mjini. Mpango huo wakaupa kifupi cha SCUM (Subculture Urban Marketing), neno ambalo kwa Kiingereza ni takataka.

Hata hivyo, kampuni si kila kitu. Tangu 1998 sheria ya California hairuhusu kuvuta ndani ya baa, kwa hiyo wavutaji husimama nje mlangoni. Kwa mgeni mwenye Kiingereza cha kubabaisha, kuomba kiberiti pale kunatosha kumpatia mtu wa kuongea naye. Akiacha sigara, ameiacha na baraza. Kibandiko cha nikotini cha ngozini hutuliza mwili tu.

Ndiyo maana wanakikundi wetu hubeba chupa ya chai ya tangawizi na vikombe vya karatasi, wakasimama na wenzao palepale mlangoni. Mlinzi wa baa alidhani tunauza pombe. Siku hizi naye anadai kikombe chake.

Linalotuumiza zaidi ni wenzetu wanaoishi na VVU. Wanameza dawa bila kukosa, virusi vimelala, halafu sigara ndiyo inayowala miaka. Na wanaotumia estrojeni, homoni ya kike, wakivuta, hatari ya damu kuganda huongezeka. Kliniki huwauliza wanavuta ngapi kwa siku, ikaandika, basi.

Tunaomba anayefuata ARV au homoni apewe vibandiko na ubani wa kutafuna wa nikotini siku hiyohiyo, dirisha lilelile. Tunaomba pia mshauri anayejua Kiswahili. Simu ya bure ya kuacha sigara ipo, lakini mtu hawezi kueleza kwa nini alianza kuvuta kambini kupitia mkalimani ambaye huenda anasali na shangazi yake. Atanyamaza. Tunaomba na ukumbi wa Ijumaa jioni usiouza pombe, hata kama ni mdogo.

Wanaopokea vyeti wameketi mstari wa mbele. Wapo waliorudia kuvuta na sasa wameanza upya; nao tumewaita, tunaomba uwape mkono kama wengine.

Naomba kuwasilisha. Chai iko tayari.