Watafiti wa Lubumbashi nao waalikwe kwenye SKA

Bwana Mhariri, huko Karoo, Afrika Kusini, wanajenga darubini ya redio ya SKA, ya kupokea mawimbi ya redio kutoka angani, madishi 197 kwa jumla, ndani yake yale 64 ya MeerKAT, darubini iliyotangulia hapo hapo, na kabla ianze kazi kamili kila dishi linajaribiwa, wanalielekeza kwa galaksi ambayo nguvu ya mawimbi yake inajulikana tayari waone kama hesabu zinaingiana. Kazi hiyo inataka watu wengi kabisa. Zambia ni washirika, hapa tu nyuma ya mpaka wa Kasumbalesa, sisi Kongo hatumo! Naomba wakubwa wa mradi waalike na watafiti wa kwetu, tuko na vijana wa fizikia wanaojua programu, hata kurani ya umeme ikikatika wanangoja usiku irudi waendelee. Na serikali yetu iombe ushirika, isingoje kuitwa.

Msomaji, Lubumbashi