Wenye paka, tusisubiri mpaka uvimbe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wafuga paka wenzangu wa hapa Unguja yaliyonikuta. Paka wangu dume nilikataa kumhasi. Niliona ni hasara ya bure, tena uonevu. Basi akawa halali ndani, kila usiku ugomvi juu ya mabati ya Kikwajuni.

Asubuhi moja nikamkuta kajikunyata chini ya kitanda, shavu limevimba kama embe dodo. Kumbe kaumwa na mwenziwe, kidonda kimefunga juu, usaha unatunga ndani. Kupasuliwa, kusafishwa, sindano siku kadhaa, teksi kwenda na kurudi! Fedha hiyo ingetosha kumhasi na chenji ikabaki. Sasa kahasiwa, analala mlangoni kama mzee mstaafu.

Daktari wa mifugo alinifungua macho pia kuhusu viroboto. Paka akijilamba humeza kiroboto, na humo ndimo inamotoka minyoo tegu. Nilikuwa nikinunua dawa ya minyoo tu, viroboto nawaacha. Kila mara narudi dukani.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa, jina lisitudanganye: paka naye huugua, na dalili zikishatokea ni nadra sana mtu au mnyama kupona.

Ombi langu kwa masheha: siku za chanjo zikitangazwa, watajwe na paka, maana wengi tunadhani ni shughuli ya wenye mbwa.

Mfuga paka,
Kikwajuni, Unguja