Tusimgeuze Loki kuwa Shetani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Hadithi za miungu ya kale ya Skandinavia zimeshika kasi huku kwetu Kusini. Ziliingia kwa filamu za Marekani, zikapokelewa na wenye vibanda vya video wanaozitia maneno ya Kiswahili, na sasa wapo walimu wa Mtwara na Lindi wanaowasimulia watoto wakati wa vipindi vya kusoma. Hilo ni jema, ila karibu kila msimulizi anazigawa vilevile: Odin mungu mwema, Thor shujaa, Loki shetani. Sisi tunaofundisha hadithi hizi tunaona mgawanyo huo unaziua. Dhambi inayorudi tena na tena ndani yake ni kuvunja kiapo, na waliovunja viapo vizito zaidi ni miungu wenyewe.

Tuanze na ukuta, maana ndio unaosimuliwa vibaya kuliko hadithi nyingine zote. Fundi asiyejulikana alifika kwa miungu akajitolea kuwajengea ngome ambayo majitu hayataipenya, kwa misimu mitatu. Ujira alioutaka ni jua, mwezi, na mungu wa kike Freyja awe mkewe. Miungu wakakaa kikao, wakampa sharti waliloamini hataliweza: amalize ndani ya majira ya baridi mamoja, asisaidiwe na mtu yeyote, na siku ya kwanza ya kiangazi ikikuta kipande hakijaisha, asidai kitu. Fundi akaomba ruhusa moja tu, amtumie farasi wake, Svadilfari. Loki, mlaghai anayeishi kati ya miungu, akashauri akubaliwe, na kikao kikakubali.

Farasi yule akawa anafanya kazi mara mbili ya bwana wake. Zilipobaki siku 3, ukuta ulikuwa umefika karibu na lango. Hapo miungu wakamgeukia Loki, wakamtishia kifo kibaya asipoliharibu alilolianzisha. Jioni, fundi alipotoka kufuata mawe, farasi jike akachomoka msituni akilia. Svadilfari akakata kamba, wakakimbizana usiku kucha, na kazi ikalala. Yule jike alikuwa Loki. Fundi alipoona hatamaliza alipandwa na hasira, na kwa hasira hiyo miungu wakatambua kwamba ni jitu. Wakamwita Thor, naye akampasua kichwa kwa nyundo.

Kipande kinachoachwa ni cha viapo. Kabla ya kushika jiwe la kwanza, fundi alidai mashahidi na viapo vizito, kwa sababu Thor alikuwa amekwenda mashariki kupigana na majitu, na fundi alijua siku atakaporudi hatakuwa salama. Miungu wakaapa. Walipomtambua, wakavitupa viapo vyao papo hapo. Ukikiacha kipande hiki, watoto wanasikia kwamba jitu baya limepigwa; wanapiga makofi, hadithi imekwisha. Ukikiweka, wanaanza kubishana wenyewe bila kuchokozwa. Fundi naye alificha asili yake: je, mkataba ulikuwa halali? Miungu walitoa sharti wakiamini halitimiziki: je, walikuwa na nia ya kulipa? Ushauri wa Loki ulipitishwa na kikao kizima, kwa nini lawama imwangukie peke yake? Shairi la kale la Völuspá linaligusa tukio hili kwa beti chache tu, na linachokikazia ni ahadi na viapo vilivyovunjwa. Loki hatajwi hapo kabisa.

Mwisho wake nao usionewe haya. Loki alirudi baadaye na mtoto wa farasi mwenye miguu 8, aliyemzaa yeye mwenyewe. Huyo ndiye Sleipnir, kipando cha Odin. Wasimulizi wengi hukimbia hapa, na wakikimbia wanapoteza jambo la msingi: ulaghai aliufanya Loki, faida ikaenda kwa mkubwa wa miungu.

Fenrir anahitaji muda zaidi, kwa kuwa Loki hayumo kabisa katika ulaghai huu. Fenrir ni mbwamwitu, mtoto wa Loki kwa jitu la kike Angrboda, lakini alilelewa na miungu nyumbani kwao. Akakua mpaka ikawa ni mungu Tyr peke yake anayethubutu kumpelekea chakula. Utabiri ulisema atawadhuru. Yeye mwenyewe alikuwa hajamdhuru mtu. Miungu wakaja na pingu iitwayo Leyding, wakamwambia ajipime nguvu. Akaikata kwa teke moja. Wakaleta Dromi, yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Akajikung'uta, ikatawanyika vipande. Ndipo wakaagiza Gleipnir kwa wahunzi wa chini ya miamba, iliyosukwa kwa vitu 6: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Ikatoka laini kama utepe wa hariri.

Vitu hivi 6 visomwe polepole na watoto wavirudie. Kitabu cha kale kilichotuhifadhia hadithi hii, cha Snorri Sturluson, kinaeleza kwamba ndiyo sababu paka hatoi kishindo, mwanamke hana ndevu na mlima hauna mizizi: vyote vilitumika. Msimulizi akisema tu "kamba ya ajabu", anawanyang'anya watoto kitu wanachokumbuka kuliko vyote, na anaficha pia ukubwa wa gharama ambayo miungu walikuwa tayari kuilipa ili wamdanganye kiumbe mmoja.

Fenrir akashuku. Akasema utepe mwembamba hivyo hauna sifa kuukata, na kama umetengenezwa kwa hila, hataki uguse miguu yake. Miungu wakamwahidi wangemfungua akishindwa. Akajibu kwamba basi mmoja wao atie mkono kinywani mwake, uwe dhamana. Wakatazamana. Tyr akautia mkono wa kulia. Kadiri mbwamwitu alivyojitahidi, kamba ilizidi kukaza, na miungu wote wakacheka isipokuwa Tyr, aliyepoteza mkono wake. Halafu wakamchomeka upanga kinywani, mpini kwenye taya la chini na ncha kwenye la juu, abaki amepanua.

Msimulizi asimame kidogo kwenye kicheko hicho. Wengi hukiruka kwa kuwa kinawaharibia miungu sura. Bila hicho, Tyr anakuwa shujaa aliyejeruhiwa na mnyama mkali. Kikiwepo, inaonekana wazi kwamba Tyr ndiye peke yake aliyelipa deni la uongo walioutamka wote, na kwamba alijua mapema atalipa. Kwa maoni yetu hakuna mahali pengine katika masimulizi haya panapoonyesha vizuri zaidi jinsi tendo moja linavyoweza kuwa la ushujaa na la aibu kwa wakati mmoja.

Odin naye asipambwe. Alipoitaka pombe ya asali inayompa mtu ushairi, alijiita jina la uongo, akawakuta watumwa 9 wa jitu Baugi wakikata nyasi, akawanolea miundu, kisha akakirusha kinoo juu. Katika kukigombea wakachinjana wote. Akajitolea kufanya kazi ya watu 9 badala yao, kwa ujira wa funda moja la pombe ya Suttung, kaka wa Baugi. Suttung alipokataa kutoa, wakatoboa mlima kwa keekee, Odin akajigeuza nyoka akapita tunduni. Akalala na Gunnlöd, binti wa Suttung aliyekuwa mlinzi wa pombe, usiku 3, akaruhusiwa mafunda 3, na kwa mafunda hayo akavimaliza vyombo vyote 3. Akaruka kama tai. Shairi la Hávamál, ambalo linawekwa kinywani mwa Odin mwenyewe, linakiri kwamba aliapa kiapo cha pete, linauliza nani atamwamini tena, na linasema Gunnlöd aliachwa akilia. Mtu akiyaweka haya kando ya matendo ya Loki, akifunika majina, sijui kama atajua yupi ni yupi.

Hata nyundo ya Thor ni zao la utundu wa Loki. Alimnyoa Sif, mke wa Thor, nywele zote. Thor alipomkamata, Loki akaenda kwa wahunzi akapata nywele za dhahabu, mkuki wa Odin na merikebu inayokunjika kama kitambaa. Halafu akaweka kichwa chake rehani mbele ya mhunzi Brokk, kwamba ndugu yake hawezi kutengeneza vitu vitatu bora kuliko hivyo. Wakati Brokk anavukuta, nzi akamuuma mkononi, akamuuma shingoni kwa nguvu mara mbili, mwishowe kwenye kope mpaka damu ikamziba macho, naye akaachia mvukuto kwa muda mfupi tu wa kumfukuza. Ndiyo maana mpini wa nyundo ukatoka mfupi. Pamoja na kasoro hiyo, miungu waliihukumu kuwa bora kuliko vyote, kwa sababu ndiyo kinga yao dhidi ya majitu.

Wapo wanaomwita Loki Sungura wa Wazungu. Kufanana kupo, ila ni nusu. Sungura katika hadithi ya kisima hukataa kuchimba na wenzake, huiba maji, hunaswa na Kobe aliyejipaka ulimbo mgongoni, na mara nyingi huponyoka. Kesho yake, katika hadithi nyingine, anaanza upya kama hakuna kilichotokea. Kwa Loki mambo huandikwa kama mkopo kwenye daftari la duka. Binti yake Hel alitupwa na Odin kuzimu kwa sababu ya utabiri tu, kama kaka yake nyoka alivyotupwa baharini. Baldr, mwana wa Odin, alipouawa, huyohuyo Hel ndiye aliyeshika ufunguo wa kumrudisha, na mjumbe aliyetumwa kumwomba alisafiri usiku 9 juu ya Sleipnir, farasi aliyezaliwa kwa ulaghai wa ukuta.

Kifo cha Baldr hatukitetei, wala hakuna anayepaswa kukitetea. Mama yake, Frigg, aliviapisha vitu vyote visimdhuru, akauacha mmea mmoja alioona ni mchanga mno: ule wa jamii ya kirukia, unaoota juu ya miti mingine, kama wakulima wanavyouona kwenye miti yao. Loki akaupata kwa kujigeuza mwanamke na kuuliza, akampa Höd, ndugu wa Baldr asiyeona, akamwelekeza mkono. Ni mauaji ya makusudi. Lakini adhabu nayo isimuliwe yote: miungu walimgeuza mtoto mmoja wa Loki kuwa mbwamwitu, akamrarua ndugu yake Narfi, na kwa matumbo ya Narfi wakamfunga baba. Narfi hakuwa amefanya lolote.

Anayemwona Loki kama Shetani anayo hoja moja ya maana. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika kitabu chake karibu mwaka 1220, anamweleza Loki kuwa mzuri wa sura, mbaya wa tabia na kigeugeu. Ila Iceland ilikuwa imepokea Ukristo tangu karibu mwaka 1000, na Snorri alikuwa Mkristo anayesimulia miungu wasioabudiwa tena. Na Snorri huyohuyo ndiye aliyetuhifadhia viapo vya ukuta na kicheko cha kumfunga Fenrir, bila kuwasafisha wahusika. Tukimfuata kwa moja, tumfuate na kwa mengine.

Kwa mwalimu anayetaka kuzisimulia, jioni 4 zinatosha: ukuta, wahunzi, Fenrir, kisha Baldr. Mpangilio huu usigeuzwe. Ukianza na Baldr, watoto watamsoma Loki kinyumenyume, kila mzaha wa mwanzo watauona ni njama ya muuaji. Majina yasizidi matano kwa jioni moja, yaandikwe ubaoni kabla, na Freyja litamkwe Freya. Kwa watoto wadogo, matumbo ya Narfi yanaweza kufupishwa, ila wajue kwamba mtoto asiye na hatia alikufa.

Nanyi wenye vibanda vya video, filamu zinamfanya Loki kuwa mtoto wa kulea wa Odin na ndugu wa Thor. Katika mashairi ya kale Loki na Odin walichanjiana. Loki, alipofukuzwa kwenye karamu ya miungu, alimkumbusha Odin kwamba walichanganya damu zamani na kwamba aliapa hatakunywa pombe isipoletwa kwao wote wawili. Odin akaamuru apewe kiti. Yanayoweza kusemwa kwa sentensi mbili kabla picha haijaanza ni hayo.

Walimu wa fasihi na wasimulizi wa hadithi,
Mikindani, Mtwara