Mwacheni Mangungu wa Msovero

Ndugu Mhariri,

Kila ukizuka mjadala wa mkataba wa madini au wa bandari, hazipiti siku mbili mtu ameshaandika kwamba tumerudia "mkataba wa Chifu Mangungu". Nami nilikuwa nikicheka. Shuleni kwetu jina hilo lilikuwa tusi: ukitoa kalamu yako nzuri upewe andazi, wewe Mangungu. Leo naomba mzee wa watu aachwe.

Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa Kijerumani wa miaka 28, aliingia bara na wenzake wachache, akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami kwa wiki chache tu, kisha akarudi pwani na mkoba wa karatasi za Kijerumani. Ile ya Msovero, kwa Mangungu huko Usagara, ni ya tarehe 29 Novemba. Inadai Mangungu ametoa nchi yake yote itumiwe na chama cha ukoloni cha Wajerumani. Siamini hata kidogo kwamba maneno hayo yalifika masikioni mwake kwa Kisagara naye akaitikia. Nadhani alichokubali ni urafiki na mgeni aliyekuja na zawadi.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakiketi Berlin kujadili Afrika. Mkutano ukafungwa 26 Februari 1885, na kesho yake tu Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda "nchi" za Peters. Sultani Barghash wa Unguja, aliyezihesabu nchi hizo kuwa zake, akapinga. Huyu alikuwa na makarani, washauri na balozi wa Uingereza aliyemwita rafiki. Agosti manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye ikabidi akubali. Mbona yeye hatumtanii?

China nako kulikuwa na wasomi waliokesha na vitabu kabla baba yake Peters hajazaliwa, au karibu na hapo. Mwaka 1842 walitia sahihi mkataba wa Nanjing ndani ya meli ya kivita ya Waingereza, wakaitoa Hong Kong, wakafungua bandari tano na kulipa fidia juu yake, baada ya vita vilivyoanza kwa sababu walikataa kasumba, yaani afyuni. Kila neno walilielewa.

Anayenivutia zaidi ni Menelik wa Ethiopia. Mkataba wake wa Wuchale na Italia, wa 1889, uliandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema *anaweza* kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, *lazima* aitumie. Kwa hiyo hata aliyekuwa na nakala kwa lugha yake alitegwa! Tofauti ni kwamba alipogundua aliukana mkataba huo, na wakati wote huo alikuwa akikusanya bunduki, nyingine zikitoka Italia yenyewe. Tarehe 1 Machi 1896, pale Adwa, jeshi la Waitaliano likavunjwa, na mwaka huohuo Italia ikatambua uhuru wa Ethiopia.

Mangungu hakuwa na nakala ya Kisagara wala jeshi la Adwa. Peters, kwa upande wake, alifukuzwa utumishi wa serikali yake mwenyewe mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro, na huku alibaki na jina la Mkono wa Damu. Waandishi wenu wakitafuta jina la kuubandika mkataba mbovu, hilo hapo.

Msomaji wenu,
Morogoro