Usiuzamishe mti, mwanangu

Neema mwanangu,

Hujambo? Huku Kigamboni hatujambo, ila mgongo wa baba yako.

Tangu nitoke kwako Kinyerezi Jumapili nauwaza ule mparachichi. Uliniambia umekufa kwa kiu. Hapana, mama. Nilipoung'oa niliishika mizizi: myeusi, ngozi inachubuka kwa vidole, inanuka kama mtaro. Ulikufa kwa maji. Majani yalipogeuka njano ukaongeza ndoo, nami sikulaumu, kwa sababu niliwahi kuua mti hivyo hivyo, nao niliupenda sana.

Huku kwetu ni mchanga, maji hupotea kabla hujaweka ndoo chini. Kiwanja chako ni mfinyanzi. Nililowesha donge nikalisokota, likakunjika kama pete bila kukatika. Chembe zake ni ndogo mno na zimebanana, maji yakiingia hayatoki upesi, na mizizi inakosa hewa. Mizizi nayo inapumua, Neema.

Kabla ya kununua mche mwingine, chimba shimo la futi moja. Jaza maji, yaache yaishe, ujaze tena, kisha usimamishe kijiti na upime. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu kwa saa, hapo maji yanatuama.

Fundi wako alisema tuweke kokoto chini. Usikubali. Maji hayashuki kutoka kwenye mfinyanzi kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, kwa hiyo utakuwa umeyasogeza karibu na mizizi. Wala usijaze shimo samadi tupu na udongo laini, litageuka ndoo inayokusanya maji ya kiwanja kizima.

Mti wako uketi juu. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, ule mfuko wa mche, lakini kina kipungue kidogo, ili shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi. Udongo ule ule ulioutoa uurudishe, ukiinamisha pole pole kama tuta pana. Ukuta wa shimo usiuache ukang'aa kama chungu, maana chepe huusiriba na mizizi ikifika hapo inazunguka ndani. Ukwaruze kwa panga. Matandazo weka, ila yasiguse shina.

Mparachichi uupande juu, karibu na nyumba, tena kwenye tuta kubwa. Kule bondeni, maji yanakosimama wakati wa masika, panda mzambarau. Huo unavumilia. Mpapai usiupeleke huko kabisa.

Vuli inakaribia, na mfinyanzi ukilowa hauchimbiki vizuri, unakandamana tu. Pima maji Ijumaa jioni. Jumamosi nitavuka na pantoni ya mapema nikija na sululu ya baba yako, nawe unitafutie nyasi kavu za kutandaza.

Mama yako